Sabuni ya Mawese

Kila mtu anayo kazi yake ya mshahara, na wengine wanayo tena kazi ambayo hawalipwi kitu kwa ajili yake, nao huipenda zaidi. Yangu ni kutengeneza sabuni. Mke wangu huwaambia wageni kwamba mwalimu ameoa mke wa pili, naye akaa nyuma ya nyumba ndani ya ndoo. Miaka saba sasa hatununui sabuni ya kuogea dukani. Nikipata nta ya nyuki huiyeyusha pamoja na mafuta, tukapata mafuta mazito ya kujipaka miguu iliyopasuka wakati wa kiangazi. Lakini leo sitaki kujisifu. Nataka kuandika habari za sabuni niliyoifanya vibaya, nikaigawa kwa watu kama zawadi ya Noeli.

Nalijifunza kazi hii Pangani, kwa mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye huko. Pwani nazi ni nyingi, naye alikuwa akitumia mafuta ya nazi peke yake. Aliniandikia kipimo chake katika ukurasa wa mwisho wa daftari yangu: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki gramu 174, maji gramu 350. Kostiki ni dawa kali nyeupe, inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni, na wenye elimu ya kemia huiita sodiamu haidroksaidi. Magadi tunayotia katika maharage ni ndugu yake, lakini ni ndugu mpole, wala peke yake hayatoshi kuyageuza mafuta kuwa sabuni ngumu. Mwalimu yule alinifundisha pia miiko ya kazi, nami naiandika hapa kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji watajaribu hata nikiwakataza. Sharti kostiki itiwe katika maji, wala maji yasimwagwe juu ya kostiki, maana huchemka ghafula na kumrukia mtu usoni. Sufuria zetu za aluminiamu hazifai kabisa, kwa kuwa kostiki huzila na kutoa hewa iwezayo kushika moto. Mimi hutumia ndoo ya plastiki nene na mwiko wa mti. Macho yafunikwe kwa miwani, mikono kwa glavu za mpira, na watoto wawe mbali. Ikimgusa mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, bila kungoja.

Basi hapo hukoroga mafuta na yale maji makali hata yawe mazito kama uji, nikayamimina katika sanduku la mbao lililotandikwa karatasi. Baada ya siku mbili hukata vipande, nikaviweka juu ya rafu penye hewa wiki nne hata sita. Zamani nalikuwa nikiloweka mchaichai katika mafuta ili sabuni inukie. Hainukii. Harufu yote hupotea katika kostiki, nami nimeacha kujidanganya.

Nikahamishwa kuja mkoa wa Kigoma, katika kijiji kilicho karibu na ziwa Tanganyika. Hapa nazi ni kitu cha kununua kwa bei, lakini michikichi imejaa kila upande, na mafuta yetu ni mawese. Jirani yangu ni bibi mmoja mjane, akamuaye mawese kwa mikono yake, naye tangu siku ile tulipofika alikuwa akituletea chupa moja moja bila kutaka malipo. Nikaona ni vema nimlipe kwa ufundi wangu. Mwezi wa Novemba nikapima mawese kilo 1 katika mizani yangu ndogo ya jikoni, kostiki gramu 174, maji gramu 350. Nalipima kwa uangalifu mwingi, nikarudia mara mbili, maana mimi nafundisha hesabu, na hupenda kuwaambia watoto kwamba kukisia ni uvivu.

Sabuni ilitoka nzuri ajabu, rangi ya chungwa lililoiva, ngumu, nayo juu yake ilifanya unga mweupe mwembamba. Nikadhani ni uzuri wake. Nikapata vipande 14, nikavifunga tisa katika karatasi, nikavipeleka kwa majirani na kwa wazee wa kanisa, na cha kwanza kikawa cha bibi.

Baada ya mwaka mpya nalipita kwake asubuhi, nikamkuta ameketi mlangoni, mikono yake imefungwa vitambaa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu.”

Nikamwuliza mikono ina nini. Akasema ni uzee. Nikamwuliza tena, akasema ni kazi ya mawese. Ndipo mjukuu wake, ambaye ni mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, akajibu kutoka ndani kwamba ni sabuni ya mwalimu, na bibi akamkemea vikali. Nikamsihi anionyeshe. Ngozi ya viganja ilikuwa nyekundu na imechubuka, na katikati ya vidole imepasuka. Alikuwa ameitumia kwa muda wa siku kumi, huku akiumia, maana aliona haya kuiacha zawadi ya mwalimu.

Nikamwambia, “Bibi, kwa nini hukuniambia?”

Akasema, “Ningesemaje? Wewe ndiwe uliyesoma.”

Neno hilo liliniuma kuliko kama angalinitukana.

Nikampeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Tulipokuwa tukirudi aliniuliza kama naliionja sabuni kabla ya kuigawa. Nikadhani anatania. Akanieleza kwamba mama yake alikuwa akitengeneza sabuni ya majivu: walichoma mikungu ya michikichi iliyokwisha kupukutwa chikichi zake, wakachuja maji katika majivu yale, wakayachemsha pamoja na mawese hata ikawa sabuni laini. Kisha mama yake aligusa sabuni kwa ncha ya ulimi. Ikiuma kama cheche, hairuhusiwi kutoka nyumbani. Nilipofika kwangu nikachukua kipande kilichobaki, nikakilowesha kidogo na kukigusa kwa ulimi. Kikanichoma mara moja.

Usiku ule nikatafuta katika kitabu cha kemia, nikaona jambo ambalo nalipaswa kulitafuta kabla. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka kama gramu 183, nayo ile 174 ya mwenzangu ilipunguzwa kusudi, ili mafuta kidogo yabaki na kuilinda ngozi. Lakini kilo 1 ya mawese hutaka kama gramu 141 tu. Sababu yake ilianza kufahamika kwa kazi ya Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu chake juu ya mafuta mwaka 1823: mafuta yameundwa kwa asidi zilizoshikamana na glisirini, na kostiki huzitenga na kushikana na asidi hizo, ikawa sabuni. Asidi za nazi, zilizo nyingi, ni ndogo, na zile za mawese ni kubwa zaidi. Chukua kilo ya dengu na kilo ya maharage. Uzito ni mmoja, bali punje za dengu ni nyingi kuliko za maharage, na kila punje yataka sehemu yake ya kostiki. Mimi nalikuwa nimewapa maharage chakula cha dengu. 174 ukitoa 141 ni 33. Mtoto wa darasa la tatu angaliweza kuitoa hesabu hiyo. Gramu 33 zilibaki ndani ya sabuni bila kazi, zikaitafuta mikono ya bibi.

Asubuhi nikazunguka nyumba kwa nyumba kurudisha zawadi zangu. Si safari ndogo kwa mwalimu. Nyumba mbili walikuwa wameiweka kabatini, waionyeshe wageni. Nyumba moja walisema mtoto aliwashwa, wakaiacha. Mzee mmoja wa kanisa alinisikiliza hata mwisho, akanirudishia kipande chake pasipo kusema lolote, akafunga mlango. Nalivipata vinane. Cha tisa kilikuwa kimekwisha; mama mwenye nyumba alisema alifulia mashuka, yakang’aa kama hayajapata kung’aa, akaniuliza nitatengeneza tena lini.

Mikono ya bibi ilipona kabla ya mwezi kwisha. Nikatengeneza sabuni nyingine kwa mawese yake yale yale, kilo 1 kwa kostiki gramu 134, nikaiacha rafuni wiki sita kamili, nikaionja kila wiki. Kisha nikampelekea kipande kimoja, bila karatasi ya zawadi. Akakitazama pande zote, akakilowesha, akakigusa kwa ncha ya ulimi mbele yangu, akangoja kidogo. Nami nikangoja.

Akakitia kikapuni, akaniuliza kama sikuleta na cha dada yake.