Mto Huvukwa Alfajiri

Waasi wa M23 walipoingia Masisi-Centre, mashariki mwa Kongo, tarehe 4 Januari 2025, wengi waliwaza kukimbilia Goma. Sisi tulishika njia ya magharibi, upande wa Walikale, kwa sababu mama mkwe alikula kiapo kwamba halali tena chini ya bashi la kambi ya wakimbizi. Tulikuwa yeye, mimi, watoto wangu, na majirani tuliokutana nao Nyabiondo.

Sisi watu wa milima, baridi tunaijua. Vilima vyetu vinapita mita 2,000, lakini mvua ikikatika upepo unakausha nguo. Kule chini, baada ya Kashebere, msitu ukishafunga hakuna upepo. Nguo ikilowa Jumatatu utaivaa mbichi mpaka Jumapili. Mvua inakuja karibu kila alasiri, na ikiisha, miti inaendelea kudondosha maji kama vile haijapata habari. Vidole vya watoto viligeuka vyeupe, ngozi ikaanza kumenyuka. Njaa niliizoea, miguu inayooza ndani ya bote sikuizoea.

Njia kuu tuliikwepa kwa ajili ya vizuizi vya wenye silaha, tukafuata vijia vya wawindaji. Alasiri moja tukafika kwenye mto mdogo uliofura, maji mekundu, yanabeba magogo. Vijana wakataka tushikane mikono tuvuke tu. Ndipo akatokea mama mmoja Mnyanga, kikapu cha sombe mgongoni, akatuangalia kama watu waliopungukiwa akili.

"Mulale hapa," akasema. "Mto huu huvukwa alfajiri."

Akaeleza huku anakata fito: mto mdogo unafura upesi na unashuka upesi, mvua ya alasiri ikishapita, maji yanapungua usiku kucha. Akatuonyesha kuezeka kibanda kwa majani mapana, kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile ya chini yake, kikonyo cha jani kikining'inizwa kwenye ufito. Kuni zote zilikuwa zinatiririka maji, lakini alichomoa kikapuni donge la utomvu mkavu wa mti, akaliwasha, likawaka kwa moshi mzito wenye harufu ya ubani. Tulikausha miguu kwa mara ya kwanza tangu Nyabiondo. Nikampa kikombe cha chumvi. Alikipokea kwa mikono miwili; huko ndani chumvi ni mali kuliko faranga.

Asubuhi maji yalifika magotini tu.

Tangu hapo tulitembea kwa kanuni yake: njiani mapema, kibanda kabla ya mawingu kushuka, mto wowote kesho. Vijana walinung'unika kwamba tunakwenda kama konokono. Mama mkwe akawaambia, basi tangulieni, lakini hakuna aliyetangulia. Mahali pekee tulipoharakisha ni kati ya Kibua na Mpofi, ambako mwaka 2010 waasi walibaka mamia ya watu katika vijiji 13. Pale wanawake tulilala tumebanana, na mmoja wetu akikesha kwa zamu.

Tulipofika Walikale-Centre familia moja ya kanisa ilitupa jiko lao tulalemo. Tarehe 19 Machi M23 wakafika huko pia, na Machi msituni ni mvua juu ya mvua. Tuliingia porini tena, safari hii na chumvi, bidoni, na donge la utomvu nililoliviringisha ndani ya mfuko wa plastiki. Walipoondoka mwanzoni mwa Aprili tukarudi jikoni kwetu, hakuna mtoto aliyeugua.

Niliposimama kanisani kutoa ushuhuda huu, mzee mmoja alitaka nitaje malaika. Namshukuru Mungu, lakini nilimtaja mama wa kikapu, na nikaeleza habari ya majani hatua kwa hatua, maana wakimbizi wapya walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nyuma.

Sasa mimi na mama mkwe tunagombana. Mimi nataka Masisi patulie nirudi kwenye shamba langu la maharagi. Yeye amepanda mihogo nyuma ya jiko la watu, na anasema hatoki Walikale kabla hajaivuna.