Safari ya Kaole: Jinsi Tulivyoipanga na Jinsi Nilivyokosea

Mwanzoni mwa muhula huu wanachama wa Chama cha Jiografia walinichagua kuwa katibu wao, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga safari fupi ya masomo. Mhariri ameniomba nieleze jinsi tulivyoipanga. Nimekubali, ijapokuwa habari yenyewe hainipi sifa nyingi.

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, ambako mawe mengi yalitoka katika moto wa volkano. Nilipofika Bagamoyo kuanza kidato cha kwanza, niliona kuta za nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe meusi, makali, yenye vitundu vitundu, nikasema moyoni, “Kumbe hata huku volkano ilipita!” Fikira hiyo nilikaa nayo miaka mitatu bila kumwuliza mtu. Basi katika mkutano wetu wa kwanza nilisimama nikapendekeza twende Ngazija, tukaone mlima Karthala wenye kimo cha mita 2,361, ambao ulilipuka mara mbili mwaka 2005, na ambao lava yake ya zamani imeshuka mpaka baharini. Nilisema kwamba pwani ya huko na pwani yetu ni ndugu, kwa kuwa mawe yake ni yale yale.

Mwalimu wetu wa jiografia hakunicheka. Aliniuliza tu nauli ya watu thelathini na wawili kwenda ng’ambo na kurudi ingelipwa na nani. Kisha akaniambia nilete katika maabara lile jiwe jepesi la kusugulia miguu nililokuja nalo kutoka nyumbani, na kipande cha jiwe kilichookotwa ufukoni. Alidondosha asidi kidogo juu ya jiwe la Tukuyu, likanyamaza. Alidondosha juu ya jiwe la Bagamoyo. Likatoa povu na kuchemka. “Hili la kwako lilizaliwa na moto,” alisema, “na hili lilizaliwa na wadudu wa baharini.” Ndipo nilipofahamu ya kwamba kuta zile ni za matumbawe, na kwamba weusi wake ni wa mvua na ukungu wa miaka mingi tu. Ni jiwe lile lile ambalo watu wa pwani hulichoma wakapata chokaa ya kujengea.

Tukakata shauri la kwenda Kaole, penye magofu ya mji wa kale, kiasi cha kilomita tano kusini ya Bagamoyo. Huko kuna misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, na mmoja wao huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kuna pia makaburi yenye nguzo ndefu. Mtaalamu Neville Chittick alichimba huko mwaka 1958. Husemwa ya kwamba Kaole ilikuwa bandari mpaka mchanga na mikoko vikaifunga njia ya vyombo, na biashara ikahamia Bagamoyo. Mahali pa namna hiyo panafaa sana kwa mwanafunzi wa jiografia, na kwa miguu mtu hulipa kiingilio tu.

Niliandika mpango kwa siku mbili. Tungetoka shuleni saa mbili asubuhi, tupite ufukoni ili tuione mikoko, tufike saa nne, tule, na saa tisa turudi kwa njia ile ile ya ufukoni. Niliandika idadi ya mikate, ndoo za maji ya kunywa, na majina ya viongozi wa makundi. Nilipousoma mkutanoni walipiga makofi. Mmoja tu hakupiga. Alikuwa kijana wa kidato cha kwanza, mzaliwa wa Kaole. Alinyosha mkono akasema, “Samahani kaka, umeyauliza maji?”

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilimjibu, “Mdogo wangu, hatuendi kuvua samaki, tunakwenda kusoma.” Akaketi. Jibu hilo nalikumbuka kila siku.

Bahati njema mwalimu alikuwa na sharti moja: hakuna mwanafunzi atakayepelekwa katika njia ambayo wapangaji wenyewe hawajaipita. Basi Jumamosi iliyotangulia ile ya safari, mimi na katibu msaidizi tulipata ruhusa tukaondoka. Asubuhi bahari ilikuwa mbali kabisa, mchanga umekauka, na mitumbwi imelala ubavu. Katikati ya njia tulivuka mkono wa bahari uliopenya kati ya mikoko. Maji yalifika vifundoni. Tukafika Kaole bila taabu. Nilishika ukuta wa msikiti, na safari hii nikaona wazi alama za matumbawe, kama nyota ndogo zilizopangwa. Tulihesabu makaburi, tukachora ramani, na saa tisa alasiri tukaanza kurudi kama nilivyoandika.

Tulipofika kwenye ule mkono wa bahari hatukuutambua. Maji yalikuwa yamejaa pande zote mbili, na yanakwenda mbio kuingia ndani. Mwenzangu ni mtu wa Singida, hajui kuogelea. Nami nikasema neno la kipumbavu: “Asubuhi tulivuka hapa hapa.” Nikatangulia. Hatua ya nne maji yakanifika kifuani. Viatu nilivyovishika mkononi vikaenda, na daftari la chama likaenda. Mwenzangu nyuma yangu alikuwa ameshika mti wa mkoko kwa mikono miwili, hasemi kitu. Tope lilikuwa limemshika miguu.

Mzee mmoja aliyekuwa katika mtumbwi akatupigia kelele, “Msivuke! Rudini!” Akaja, akampakia mwenzangu kwanza, kisha mimi. Tulimwamkia shikamoo tukiwa tunatetemeka. Alituuliza tulikuwa na kazi gani huko, nami nikamweleza habari za safari. “Na mlikuwa mje watu wangapi?” akauliza. Nikasema thelathini na wawili, na kumi na mmoja kati yao ni wa kidato cha kwanza. Mzee hakujibu. Alipiga kasia mpaka nchi kavu bila kusema neno, na kimya chake kiliniumiza kuliko kama angenikemea.

Tulipoketi alitufundisha kwa maneno machache mambo ambayo mimi, katibu wa Chama cha Jiografia, nilikuwa nimeyasoma kitabuni nikayaacha humo. Mwezi ukiwa mpevu, au unapoandama, ni wakati wa bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa sana. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi. Siku ile ilikuwa ya mwezi mpevu, nasi hatukutazama hata juu. Kila siku maji huchelewa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka, na saa nne asubuhi maji yanakuwa yamejaa. Hiyo ndiyo Jumamosi niliyoichagua mimi. Nilikuwa nimechagua siku isiyofaa kwa kwenda, na nimekwisha jaribu saa isiyofaa kwa kurudi.

Jumatatu niliomba mkutano. Ilikuwa vigumu kusimama mbele ya watu walionipigia makofi, lakini nilieleza yote, pamoja na hatua ile ya nne. Michango ilikuwa salama kwa mwalimu. Orodha ya majina ndiyo iliyopotea, nikaiandika upya kwa kumwendea kila mmoja. Nilimwomba radhi kijana wa Kaole mbele ya wote. Mama yangu, ambaye husoma gazeti hili, hakuwa na habari hizi mpaka leo. Naye namwomba radhi hapa.

Kisha tukapanga upya, na mara hii kijana yule aliketi mezani pamoja nasi. Tulitazama mwezi, tukalinganisha na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Dar es Salaam. Tuliahirisha safari kwa juma moja, mpaka mwezi mwandamo. Tukaandika kwamba tutakwenda kwa ufukoni asubuhi maji yakiwa yamepwa, na kurudi kwa barabara ya juu, hata kama watu watalalamika kwamba njia ya ufukoni inapendeza zaidi. Kijana wa Kaole akawa kiongozi wa njia, na wakubwa wa kidato cha nne wakamfuata nyuma yake.

Habari za safari yenyewe ameziandika yeye, nami sitaki kumpunguzia utamu. Nitasema tu kwamba tulirudi thelathini na wawili.

Mimi baada ya mtihani wa taifa naondoka. Daftari jipya la chama limo kabatini, na katibu ajaye atalikuta humo. Katika ukurasa wa kwanza, kabla ya mikate na ndoo za maji, nimeandika swali moja tu, nalo si langu: “Umeyauliza maji?”