Muhogo wa bibi

Wadau, juzi nilikuwa Ujiji kwa bibi. Kang'oa muhogo, majani hayana neno, kukata ndani kahawia tupu. Mashina matatu yakatupwa. Ndiyo michirizi kahawia hiyo, ugonjwa wa virusi.

Kumbe seli ina vipande vidogo vya RNA, herufi 21 hadi 24 tu, vinavyonyamazisha jeni: vinaunasa ujumbe wake, unakatwa kabla haujasomwa. (Nobel ya 2006 hiyo, Fire na Mello, kwa minyoo!) Watafiti wakaupa muhogo kipande cha jeni la kirusi, uvitengeneze mapema, kirusi kikiingia RNA yake inakatwa. Kenya iliupitisha 2021. Kwetu, mwaka huohuo serikali ilisitisha majaribio ya GMO.

Bibi alisikiliza yote, akauliza, "Mbegu hiyo naipata lini?" Nikaendelea kutafuna dagaa.