Mikono Minne

Kazi yangu ni kukereza chuma. Nilijifunzia Changamwe, Mombasa, katika karakana iliyokuwa ikichonga vipuri vya malori ya bandarini, na mikono hii haijawahi kutafuta riziki kwa njia nyingine. Nilipohamia jimbo la Washington, Marekani, mikono ilijua pa kushika kabla ulimi haujazoea Kiingereza cha huko. Kent, mji ulio kusini mwa Seattle, una viwanda vingi vinavyotengeneza vipande vya ndege, na kimoja kikaniajiri. Mke wangu akapata kazi ya upishi katika jiko la shule. Kwa mishahara hiyo miwili tukalea watoto, na kila mwezi tukatuma chochote nyumbani.

Figo zangu ziliuawa na presha. Figo hazilii zinapoumia. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo asihisi kitu. Nilichoanza kuona mimi ni vifundo vya miguu kuvimba, viatu vya kazini kunibana jioni, na kila chakula kuacha ladha ya chuma mdomoni. Daktari alinieleza kwamba figo zikibakiwa na chini ya asilimia 15 ya uwezo wake huhesabiwa kuwa zimeshindwa, na zangu zilikuwa zimeshavuka mpaka huo.

Nikaanza kusafishwa damu kliniki: siku tatu kwa wiki, saa nne kila siku. Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa wiki. Kliniki inajaribu kuzifidia kwa saa 12. Maji yaliyojikusanya mwilini siku mbili tatu yanavutwa kwa mkupuo mmoja, na mzigo wote unauangukia moyo. Nilikuwa nikitoka pale sina nguvu hata ya kuvua viatu. Kesho yake napata nafuu, keshokutwa narudi kwenye kiti. Kazi ya kukereza haiendi hivyo. Kipande cha ndege hupimwa kwa sehemu ya elfu ya inchi. Mkono ukitetemeka, chuma cha bei ghali kinakwenda jaani. Saa zangu za kazi zikapunguzwa, kisha zikapunguzwa tena, na bima ya afya ya nyumba nzima ilikuwa imefungamana na ajira hiyo.

Muuguzi mmoja wa zamu ndiye aliyenieleza kuwa nimekuja kuugulia mahali penyewe. Mashine ya figo ilikuwapo tangu vita vya pili vya dunia, Mholanzi Willem Kolff aliiunda nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani, lakini kila tiba iliharibu mishipa, kwa hiyo ilifaa kumvusha mgonjwa siku chache tu. Machi 1960, hapo Seattle, Daktari Belding Scribner wa Chuo Kikuu cha Washington alimwekea mgonjwa mmoja kijibomba cha Teflon kilichobaki mkononi muda wote, kikiunganisha mishipa miwili, tayari kwa tiba ijayo. Aliyekiunda kijibomba hicho ni fundi wa vyombo vya hospitali, Wayne Quinton. Mgonjwa, Clyde Shields, aliyekuwa mtu wa kufa, akaishi miaka 11 zaidi. Shields alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha Boeing. Niliposikia hivyo nilimwomba muuguzi anirudie tena. Huyo alikuwa mtu wa kazi yangu, mwenye ugonjwa wangu, na alitibiwa mwendo mfupi kutoka hapo nilipokuwa nimekaa.

Kliniki ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1962, na nafasi zilikuwa chache mno hata ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuamua nani atibiwe na nani aachwe. Mwaka 1964 msichana wa shule akakosa nafasi kwa ajili ya umri wake. Mhandisi Albert Babb na wenzake wa chuo kikuu wakamtengenezea mashine ya kukaa nyumbani, na mama yake akafundishwa kuiendesha. Katika habari zote za ugonjwa huu, hiyo ndiyo naiona kubwa kuliko zote. Mashine ya nyumbani ilipatikana kwa sababu wahandisi wachache na mama mmoja walikataa mtoto afe kwa uamuzi wa kikao. Baadaye sheria ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika Julai 1973, ikaziweka gharama za karibu wagonjwa wote wa figo wa Marekani chini ya Medicare, bima ya afya ya serikali, vijana kwa wazee.

Nikaomba mafunzo ya nyumbani. Muuguzi wa mafunzo alinipa fomu, akanionyesha pa kutia saini mwenzangu, kisha akataka kuzungumza na mke wangu peke yake, mimi nikiwa nje. Jambo hilo lilinikera. Kwetu mume akiugua, mke anauguza. Hakuna anayekwenda kumuuliza. Mama yangu alimuuguza baba hadi mwisho, na sikumbuki hata mtu mmoja kumwuliza kama anaweza. Sasa nasema muuguzi yule alikuwa na haki, na aliona mbali kuliko ukoo wetu mzima. Aliyokuwa akiombwa mke wangu yalikuwa ajira: jioni tano kwa wiki, bila mshahara, baada ya kusimama jikoni tangu alfajiri, na damu ya mumewe ikizunguka mbele ya macho yake. Hakuna anayeandikwa kazi bila kuulizwa.

Alipotoka hakusema neno mpaka tulipoingia garini.

"Bwana, nitakusaidia," alisema. "Lakini sindano sitashika. Mkono wako utautoboa mwenyewe. Na siku nikikwambia nimechoka, usininunie."

"Nimekubali, bibi."

"Nasema kweli. Usininunie."

Mafunzo yalichukua wiki kadhaa. Mimi mashine niliipenda siku ileile. Ni kifaa cha kilo thelathini na kitu, chenye pampu inayovuta damu kupitia sindano moja, ikaipitisha kwenye chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, kisha ikairudisha mwilini kwa sindano ya pili. Nje ya nyuzi hizo yanapita maji maalumu yenye chumvi zilizopimwa. Sumu ya damu inahamia kwenye maji hayo, na maji yaliyozidi mwilini yanavutwa nje. Dawa ya heparini huzuia damu isigande njiani. Mke wangu hakuwa na haja ya kujua mashine inafanyaje kazi. Alitaka kujua inavyoharibika. Kila mlio aliuulizia maana, na kila maana aliiandika kwa Kiswahili kwenye daftari: hewa ikiingia mrijani, unabana wapi kwanza, sindano ikichomoka, unashika nini na unazima nini. Muuguzi alimweleza kwamba pampu inaweza kupitisha mililita 400 kwa dakika, na kwamba mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Mke wangu alipiga hesabu palepale, akanyanyuka, akaibandika upya plasta ya mkononi mwangu.

Katika usafi yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Jiko la shule lilishamzoeza kwamba mkono ulionawa ukagusa kitasa si mkono safi tena, na hakunionea haya kunirudisha kwenye sinki. Barakoa, glavu, meza iliyopanguswa kwa dawa: hayo hakuhitaji kufundishwa.

Sindano ilikuwa yangu. Miezi kabla ya hapo daktari wa upasuaji alikuwa ameiunganisha ateri na vena katika mkono wangu wa kushoto ili vena inenepe, iweze kutobolewa mara kwa mara. Muungano huo, uitwao fistula, ukiugusa unahisi mtetemo, na kila asubuhi ni lazima uuhisi. Siku ukikosekana, unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Tulichagua njia ya kutoboa mahali palepale, kwa pembe ileile na kina kilekile, mpaka ndani ya ngozi ikajengeka njia ya kudumu, kisha sindano kali zikaachwa, zikatumika butu. Anayetajwa sana kwa njia hiyo ni Zbylut Twardowski, daktari wa Poland, katika miaka ya 1970. Ina maumivu kidogo, lakini kigaga cha juu ya tundu kikiachwa hata chembe, vijidudu vinasukumwa moja kwa moja damuni, kwa hiyo kukibandua kigaga na kusafisha tundu ndiyo nusu ya kazi.

Watu huniuliza nilipataje moyo wa kujitoboa, na sindano zenyewe ni nene. Jibu langu ni kwamba ukitobolewa na mwingine huna la kufanya ila kungoja maumivu. Ukijitoboa, mkono mmoja una kazi, na akili inaufuata mkono wenye kazi. Pembe na kina ndiyo elimu yangu ya maisha. Naiingiza sindano kama niingizavyo keekee katika tundu lililokwisha kutobolewa: silazimishi, nasikiliza inakotaka kupita.

Ukubwa wa kazi ya mke wangu niliufahamu sawasawa jioni moja, mashine ikiwa imeshahamia chumba chetu cha nyuma. Nilianza kupiga miayo. Miayo, jasho baridi, maneno yanayochelewa: hizo ni dalili za presha kushuka, na anayeshukwa ndiye wa mwisho kujua. Nakumbuka sauti yake ikiniita kwa mbali na kiti kikilazwa nyuma. Niliporudiwa na fahamu, alikuwa ameshasimamisha uvutaji wa maji, ameniinua miguu, amefungua dripu ya maji ya chumvi, na sasa anaandika namba za presha kwenye fomu kwa mwandiko ulionyooka. Kutetemeka alitetemeka baadaye, jikoni, daftari lake likiwa limefunguliwa mbele yake.

Nyumba ikabadilika sura. Maboksi ya vifaa huja kwa lori na kuijaza gereji. Maji ya bomba husafishwa na kupimwa klorini kabla hayajaguswa, maana klorini ikifika kwenye damu huzipasua chembe nyekundu. Upepo wa Novemba huku huangusha miti juu ya nyaya za umeme, kwa hiyo tulijifunza pia kurudisha damu mwilini kwa mkono, bila pampu. Viazi na mihogo hukatwa vidogo, hulowekwa, huchemshwa na maji yake kumwagwa, ili potasiamu ipungue, dagaa na maziwa havizidi kipimo kwa ajili ya fosfeti, madafu nimeyaaga. Ramadhani sifungi, natoa fidia, lakini magharibi naketi mkekani na wenzangu na tende moja.

Kilichorudi ni kazi. Kwa kuwa nasafishwa mara nyingi na kwa muda mfupi, maji yanayovutwa kwa kawaida ni ya siku moja, na mwili hauyumbi. Nalala, naamka saa kumi na moja alfajiri, naingia zamu. Mkono wenye fistula haubebi mzigo mzito wala haupimwi presha, na chembe kali za chuma hazina huruma na ngozi, kwa hiyo msimamizi alinihamishia ukaguzi. Napima kwa mikromita kazi za vijana na kuwaonyesha walipokosea kabla kipande hakijafika kwa mteja. Saa zangu zote zilirudi, na bima ikabaki.

Kisha, mwaka wa pili, mke wangu alisema amechoka. Sikumnunia. Tuligawana kazi upya: mimi nafunga mirija, naandaa maji, natoboa, nasafisha, natupa taka, yeye anakaa karibu na kuandika, basi. Tangu 2017 Marekani imeruhusu mashine tunayotumia iendeshwe na mgonjwa peke yake akiwa macho, mradi amefundishwa na daktari ameridhia, na ruhusa hiyo ilitupa nafasi ya kupumua. Alipokwenda Mombasa kwa harusi ya mdogo wake nilirudi kwenye kiti cha kliniki hadi aliporejea, ili asafiri bila wasiwasi. Uchovu ule wa kiti niliubeba kwa furaha.

Binamu yangu wa Mombasa naye figo zimeshindwa. Kwake tiba ni hospitali, mara mbili kwa wiki kwa malipo ya bima ya taifa, na mashine ya nyumbani haitajwi hata kidogo. Si kwamba wake na waume wa Mombasa hawafundishiki. Kinachokosekana ni maji na umeme wa uhakika, vifaa, na muuguzi wa kupigiwa simu usiku. Ipo njia ya kusafisha kupitia tumboni, kwa mifuko ya maji ya lita mbili hivi, mara nne kwa siku, isiyohitaji umeme wala sindano ya damu. Gharama ya mifuko hiyo ndiyo kikwazo, na serikali zetu zingeanzia hapo.

Wewe msomaji mwenye presha au kisukari, omba upimwe kreatinini ya damu na protini ya mkojo, hata kama huumwi popote. Na kama umeshafika nilipofika mimi, ukapewa fomu ya mafunzo, muulize mwenzako kabla hujatia saini. Mpe siku za kufikiri, mwache azungumze na muuguzi bila wewe kuwapo, na akikataa usimnunie.