Baba wa Rutshuru aaga sigara yake ya mentoli

Kwa wakaaji wengi wa kambi ya Rwamwanja, wilayani Kamwenge, magharibi mwa Uganda, tarehe 19 Mei 2016 ilikuwa siku kama siku nyingine. Kwa baba mmoja mkimbizi kutoka Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, ilikuwa siku ya kuachana na kitu alichokizoea tangu ujana: sigara ya mentoli, ile inayoacha baridi kooni.

Siku hiyo sheria ya Uganda ya mwaka 2015 kuhusu tumbaku ilianza kutumika. Inakataza tumbaku yenye ladha, shisha na sigara za umeme. Inakataza pia kuuza sigara moja moja, na kumuuzia mtu asiyetimiza miaka 21.

Baba huyo alifundishwa kuvuta na kaka yake mkubwa, wakati walipokuwa wakipakia magunia ya maharagwe kwenye magari ya kwenda Goma. Kila jioni walinunua sigara moja. Mkubwa alivuta nusu, mdogo akamalizia.

Mwezi wa saba mwaka 2012, waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana, baba alivuka mpaka pamoja na mke na watoto. Kaka alibaki kuchunga shamba, akasema atawafuata. Hakuwafuata. Habari ilipofika kambini kwamba amefariki, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Rwamwanja hakukuwa na kaburi la kwenda kulitazama. Kulikuwa na duka la jirani na sigara moja ya jioni. Baba alivuta nusu, akaizima, na nusu nyingine akaiweka juu ya jiwe karibu na mlango. Asubuhi aliitupa. Mke wake alielewa, hakuuliza kitu.

Siku zingine asubuhi ile nusu haikuwepo. Baba alifikiri ni upepo, au kuku. Kisha jioni moja mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 14, alipita karibu naye akinuka mentoli.

Baba alimkemea sana. Mtoto akajibu kwa sauti ya chini: "Papa, hii haichomi kooni."

Maneno hayo ndiyo yaliyomuumiza. Mentoli hupoza koo, moshi hausikiki ukali wake, na mtoto huanza kuvuta bila kukohoa. Ladha ni nzuri, lakini nikotini ni ileile, nayo ikimkamata mtu haimwachi kwa urahisi. Ndiyo sababu nchi mbalimbali zimezikataza sigara hizo. Baba hakusoma sheria. Aliisikia kwa mtoto wake.

Jioni ya tarehe 18, mwenye duka alimwambia: "Mzee, hizi zikiisha, ndiyo basi." Baba alinunua moja. Akamwita mtoto, wakakaa mlangoni, akamweleza habari za baba yake mkubwa: namna alivyobeba gunia peke yake, namna alivyocheka, na kwa nini nusu ya sigara ililala juu ya jiwe kila usiku. Mtoto hakuwa amewahi kuambiwa. Alilia.

Sigara ile haikuwashwa. Baba aliivunja vipande viwili, akavifukia chini ya mgomba.

Wiki iliyofuata hakulala vizuri, na alikuwa mkali nyumbani. Alijaribu sigara ya kawaida, ikamchoma koo, akaitupa. Baadaye alirudi kujaribu tena, mara mbili au tatu, kisha akaacha.

Jiwe bado liko mlangoni. Jioni mtoto hukaa juu yake na kumuuliza baba: "Nieleze tena ile ya magunia." Na baba huanza upya, tangu mwanzo.