Barua ya Mjomba kwa Mpwa Aliyekabidhiwa Karakana ya Jukwaa

Kazi ya karakana ya jukwaa huhesabiwa kinyumenyume. Mkuu wake huanza na siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya taa na mavazi, kisha hurudi nyuma: siku za kufunga mandhari jukwaani, za rangi, za useremala, za kununua mbao. Michoro hutangulia yote. Ikichorwa kwa skeli ya 1:25, sentimita 4 za karatasi ni mita 1 ya jukwaa, na fundi hana cha kukisia. Mbunifu akiichelewesha, mkuu wa karakana humdai mapema, kwa adabu lakini bila kuona haya.

Barua hii imeletwa na habari iliyofika Bagamoyo, kwamba mpwa anawakesha mafundi wake huko Dar es Salaam usiku baada ya usiku. Nyumbani ni salama, mguu wa mama yake umepata nafuu. Hili la kukesha ndilo linalomtia mjomba hofu.

Ukuta wa jukwaani ni fremu ya mbao laini za inchi 1 kwa 3, iliyovikwa kitambaa cha marekani. Pembe zake hushikwa na plaiwudi ya robo inchi iliyokatwa pembetatu na kuwekwa ndani kidogo ya ukingo, ili ukuta wa pili uungane nao kwenye kona bila kuacha mwanya. Kitambaa hupakwa gundi iliyozimuliwa ili kikaze, nacho kikikauka ndipo rangi hupakwa. Hakuna bosi awezaye kuharakisha kukauka huko, hasa masika ya pwani. Kwa hiyo siku anazochelewa seremala hulipwa na mpaka rangi, naye akikosa mchana huchukua usiku.

Zamani, katika karakana moja isiyo na haja ya kutajwa, mkuu alibadili ngazi ya jumba la mfalme zikiwa zimebaki siku 2. Vijana walikuwa kazini tangu alfajiri. Mjomba, wakati huo seremala wa kawaida, alisema ngazi ya kwanza yatosha. Akaambiwa ni mvivu. Usiku wa manane kijana mmoja alikuwa akichana mbao kwenye msumeno wa meza. Kinga ya msumeno ilishatolewa tangu jioni kwa madai kwamba inachelewesha, na kijiti cha kusukumia mbao hakikuonekana. Ubao wenye kifundo ulirushwa nyuma, mkono ukateleza, vidole 2 vikaenda. Alifungwa jeraha kwa marekani ileile iliyokatwa kwa ajili ya ukuta. Onyesho lilifunguliwa kwa wakati, ngazi ikapigiwa makofi, mkuu akapokea pongezi, na kijana hakutajwa na yeyote. Mjomba hajalisamehe hilo. Ngazi alizojenga yeye baadaye, akiwa mkuu, zilibeba kundi zima la wacheza ngoma bila kulia hata mara moja, na zote zilijengwa mchana.

Mbao zichanwe asubuhi. Baada ya magharibi zibaki kazi za brashi na ufagio. Mabadiliko yawekewe tarehe ya mwisho, nayo iandikwe ukutani. Mbunifu akija baada ya hapo, aulizwe kitu gani kiachwe: akitaka ngazi mpya, dirisha litoke.

Vipimo vya kila ukuta vilinganishwe na mlango wa karakana kabla ya msumari wa kwanza. Kila kipande kipewe namba mgongoni. Kitambaa kitiwe dawa ya kuzuia moto: mwaka 1903 taa iliwasha pazia la jukwaa katika ukumbi wa Iroquois, Chicago, na watu zaidi ya 600 wakafa. Posho isicheleweshwe.

Ikiwa wiki ya mwisho haina budi kukeshwa, kikosi kigawanywe zamu 2, na aliyekesha asiguse msumeno kabla hajalala. Mpwa ajibu upesi, na katika jibu lake aitaje tarehe ya mwisho ya mabadiliko aliyoiweka.