Siku 60 za Waziri

Tarehe 25 Aprili 2018, Amber Rudd, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, aliketi mbele ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Yvette Cooper. Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikizungumzia wazee waliokuja kutoka visiwa vya Karibiani kuanzia mwaka 1948. Hawa ni watu walioendesha mabasi ya London na kuuguza wagonjwa wa Uingereza ujana wao wote, kisha uzeeni wakaambiwa hawana karatasi. Wengine walifutwa kazi, wengine walinyimwa matibabu, na wapo waliofukuzwa nchini kabisa. Kabla ya waziri kuitwa, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa uhamiaji alikuwa ameiambia kamati kwamba maafisa huwekewa malengo ya idadi ya watu wa kuondoa. Waziri alipoulizwa kuhusu malengo hayo, akasema hapana, hatufanyi kazi hivyo.

Siku nne baadaye alikuwa amejiuzulu. Kesho yake tu baada ya kikao alilazimika kurudi Bungeni kueleza kwamba baadhi ya ofisi zilikuwa na malengo yao, ila yeye hakuwa na habari. Kisha gazeti la Guardian likachapisha waraka wa mwaka 2017 uliotaja malengo hayo waziwazi, na nakala ya waraka huo ilikuwa imepelekwa ofisini mwake.

Kisa hicho nilikifuatilia kwa moyo wote. Mimi ni mgeni katika nchi hii na kazi yangu ni kuwatunza wazee hapa Birmingham. Miongoni mwa wale ninaowaosha na kuwalisha wamo waliotoka Jamaica na Barbados. Mmoja wao bado anahifadhi hati zake za mishahara ya miaka hamsini iliyopita ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na hataki mtu auguse. Ila kuna jambo jingine lililonishika. Waziri yule hakuangushwa na kelele, wala hakuna aliyempigia meza. Aliulizwa swali fupi lenye jibu la ndiyo au la, jibu likaandikwa, na kabla wiki haijaisha kuna watu walilichukua jibu hilo wakalilinganisha na ukweli. Kanuni za mawaziri huku zinasema kwamba waziri akilidanganya Bunge kwa kusudi anatarajiwa kuachia ngazi, na akikosea bila kujua anapaswa kusahihisha mara moja. Jibu la waziri lina uzito kwa sababu kuna anayelipima.

Sisemi haya ili niwasifu wazungu. Novemba ya mwaka huohuo Rudd alirudishwa barazani na kupewa wizara nyingine, na miongoni mwa wazee waliodhulumiwa wapo waliofariki kabla hawajalipwa fidia. Halafu nguvu ya kamati za Bunge la huku ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Dominic Cummings, aliyeongoza kampeni ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, aliitwa na kamati mwaka 2018 akakataa kwenda. Bunge likatamka kwamba amelidharau, na mambo yakaishia hapo.

Linganisha na kwetu. Kifungu cha 125 cha Katiba ya Kenya kinazipa kamati za Bunge uwezo uleule wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote na kumlazimisha alete stakabadhi. Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati kila anapotakiwa na kujibu swali lolote kuhusu wizara yake. Kifungu cha 226 kinaenda mbali zaidi: afisa wa umma anayeidhinisha matumizi ya pesa kinyume cha sheria anawajibika kuilipa hasara hiyo mwenyewe. Hapa Uingereza sijaona kifungu kikali namna hiyo. Kwa maandishi, sisi watu wa Free Area, mtaa wa Nakuru, tuna meno zaidi kuliko watu wa Birmingham.

Na tumewahi kuyatumia. Tarehe 2 Julai 2008, Bunge letu lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, kuhusu kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency. Alikuwa ameapa kwamba hataondoka, lakini tarehe 8 Julai akajiuzulu. Mwanzoni mwa 2009 naye akarudi barazani, sawa na Rudd. Hata kasoro zetu na zao zinafanana.

Ukirudi nyuma zaidi, unakutana na mtu wa Nakuru kabisa. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo. Mbunge wetu wa Nakuru, Mark Mwithaga, alikuwa ndani ya kamati hiyo. Ripoti ilipoletwa Bungeni mwezi Juni, serikali ilitaka isipitishwe, na wabunge wakaipitisha. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, aliipigia kura ya kuiunga mkono akapoteza wizara yake. Kabla mwaka haujaisha Mwithaga alikuwa amefungwa jela kwa kesi nyingine, ya shambulio. Naliandika jina lake hapa kwa sababu vijana wengi wanaopita Free Area kila siku hawajawahi kulisikia, na ningependa wajue kwamba kuna wakati mbunge wa mji wao aliiuliza serikali swali zito kuliko yote na akalipa kwa uhuru wake.

Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni. Waziri si mbunge tena, kwa hiyo kile kipindi cha maswali tulichokisikiliza redioni kikafa, maswali yakahamia kwenye vyumba vya kamati. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza mawaziri waruhusiwe kujibu maswali ukumbini. Kanuni za Kudumu zikabadilishwa, na tangu 2023 tunawaona tena wakisimama mbele ya wabunge na maseneta. Lilikuwa jambo jema. Ninapokuwa na nafasi hutazama vikao hivyo kwenye simu, na maswali mengi ni mazuri: dawa hospitalini, walimu wa sekondari msingi, barabara zilizoachwa nusu.

Shida huanza baada ya waziri kuketi. Anasoma karatasi ndefu iliyotayarishwa na maafisa wake, anasema mradi utaendelea fedha zikipatikana, mbunge anashukuru, Spika anaita swali linalofuata. Wiki inayofuata ni waziri mwingine na mambo mengine. Lile neno "fedha zikipatikana" hakuna anayeliwekea tarehe.

Huku Uingereza, kinachofuata baada ya swali ndicho kilichonifunza zaidi. Kamati yao ya Hesabu za Serikali iliundwa mwaka 1861, na kwa desturi huongozwa na mbunge wa upinzani. Ikimaliza kumhoji katibu wa wizara kuhusu pesa, inaandika mapendekezo na kuyapa nambari. Kwa kawaida serikali hujibu ndani ya miezi miwili, pendekezo kwa pendekezo: hili tumelikubali na tutalitekeleza kufikia mwezi fulani, hili tumelikataa kwa sababu hii. Baada ya hapo Wizara ya Fedha hutoa ripoti mara mbili kwa mwaka kuonyesha yaliyotekelezwa na yaliyobaki. Ni karatasi kavu, hakuna anayezionyesha kwenye habari za saa tatu. Lakini ukitaka kujua ahadi ya 2022 ilifikia wapi, unaitafuta nambari yake na kuikuta.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu lilinishangaza nilipolisoma. Kanuni za Kudumu za Bunge letu la Kitaifa zina sharti hilohilo. Bunge likipitisha azimio au ripoti ya kamati, waziri husika anapewa siku 60 kuleta taarifa ya utekelezaji, na kuna kamati nzima ya kusimamia jambo hilo, Kamati ya Utekelezaji. Miezi yao miwili na siku zetu 60 ni kitu kimoja. Kwao siku hizo zina watu wa kuzihesabu: makarani, wakaguzi, waandishi wa habari, na wananchi wanaofungua tovuti ya TheyWorkForYou na kusoma mbunge wao alisema nini. Kwetu kuna tovuti ya Mzalendo, iliyoanzishwa na Ory Okolloh na Conrad Akunga mwaka 2005, na kuna Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu, ambaye ripoti zake hazimwonei mtu haya. Ni yeye aliyetuambia mwaka 2025 kwamba mfumo wa kidijitali wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Kazi ya kuuliza na kukagua inafanyika. Kuhesabu siku baada ya hapo ndiko kulikotushinda.

Mfano wenyewe hauko mbali na mlango wetu. Anayeishi Free Area anamjua mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji ya lita 20. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, anaanza kuzunguka kabla ya mapambazuko, na bei yake hupanda kadiri mifereji inavyokauka. Unamsikia kabla ya kumwona, kwa sababu mitungi mitupu inagongana kila gurudumu linapoingia shimoni. Mama yangu bado anaweka mapipa mawili nyuma ya nyumba na kufungua mfereji usiku wa manane, akisikiliza kama kuna hewa au maji. Nikimpigia simu, swali lake huwa moja: "Mtoto wangu, maji ya Itare tutayanywa lini?"

Bwawa la Itare lilizinduliwa Kuresoi mwaka 2017. Lilikusudiwa kuleta maji Nakuru mjini, Molo, Njoro na Rongai, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Mwaka 2018 kampuni ya Italia iliyokuwa ikilijenga, CMC di Ravenna, iliomba ulinzi wa mahakama huko kwao kwa sababu ya madeni, na kazi ikasimama. Swali la Itare limeulizwa Bungeni na kwenye kamati, na tawala mbili zimeahidi kulifufua. Mkopo ni wetu, nasi bado tunanunua maji kwa mtungi.

Barabara nayo ina historia kama hiyo. Mwaka 2020 serikali ilitia saini mkataba na kampuni za Ufaransa wa kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, ile inayopita stejini kwetu. Mwaka 2025 mkataba ukavunjwa, na Novemba mwaka huo Rais akauzindua mradi upya na kampuni za China pamoja na hazina ya NSSF. Kila aliyekwama kwenye msongamano wa Desemba kati ya Gilgil na Free Area, watoto wanalia na kuku anatapatapa kwenye buti, atafurahi ikijengwa. Nami nitafurahi. Lakini pesa za NSSF ni za uzeeni za wafanyakazi, na barabara itatozwa ada. Waziri wa Fedha wa sasa, John Mbadi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya uhasibu kabla ya kuteuliwa mwaka 2024. Anajua vizuri kuliko wengi swali lililoandaliwa linafananaje. Nadhani anastahili kuulizwa kwa kiwango hicho.

Si kila kitu ni cha Nairobi, hata hivyo. Taka, mitaro inayofurika mwezi Aprili, taa za barabarani na dawa za hospitali yetu ya rufaa ni kazi ya kaunti, na bado ninasikia watu wakimlaumu mbunge. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaziruhusu kamati za bunge la kaunti kumwita waziri wa kaunti ajibu, na Katiba inataka vikao vyao viwe wazi kwa wananchi. Huku niliko, mabaraza mengi ya miji humruhusu mkazi kuandika swali na kujibiwa kikaoni. Niliwahi kukaa nyuma ya ukumbi nikamsikia mama mmoja akiuliza kuhusu maktaba ya mtaa wake. Diwani alipojaribu kumzungusha, akamwambia kwa upole kwamba hilo si jibu la swali alilouliza, na diwani akalazimika kuanza tena. Ningependa sana kumwona mama wa Free Area akifanya hivyo Nakuru.

Kwa hiyo naomba hivi. Kifungu cha 119 kinampa kila Mkenya haki ya kupeleka ombi Bungeni, na sheria inaruhusu liandikwe kwa Kiswahili. Nimeandika rasimu kuhusu Itare. Inauliza kiasi cha mkopo kilichokwisha kulipwa, aliye na dhamana ya vifaa vilivyobaki Kuresoi, tarehe ya kazi kuanza tena, na azimio lipi la Bunge kuhusu bwawa hilo liliwahi kujibiwa ndani ya siku 60. Anahitajika mtu wa kukusanya sahihi Free Area, Kiratina na Naka, mwenye kitambulisho na subira, kisha alifikishe ombi kwa mbunge wetu na aandike tarehe ya kulipokea. Aliye tayari aniandikie, nimtumie rasimu leo.